Maleleji ghubani Tanga: upepo ukigeuka, nasi tugeuze ngalawa?

Ngalawa ya Sahare:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za bahari. Mimi na wadogo zangu wawili tunaingia mashindano ya ngalawa hapa Tanga mwezi wa 11. Tunaondoka Ras Kazone saa nne asubuhi, boya la kwanza liko njia ya kisiwa cha Ulenge, la pili karibu na kisiwa cha Toten, halafu nyumbani. Upepo wa kusi ukishika sina wasiwasi, ninajua uliko. Kinachoninyima usingizi ni haya maleleji, majira ya upepo wa kubadilika badilika. Umande, ule upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu, unakusukuma mgongoni, unakata, bahari inalala shwari, kisha upepo wa nje unaingia, mara huku, mara kule. Mdogo wangu wa demani, kamba ya kuongozea tanga, anasema upepo ukigeuka na sisi tugeuze. Yule wa mbele, ambaye foromali, boriti inayobeba tanga, ni mzigo wake, hataki hata kulisikia neno hilo. Nimsikilize nani?

Binti wa Ras Kazone:
Kaka, mimi nimejifunzia kwenye Laser, boti ya mita 4.23 ya mtu mmoja. Huko tunafundishwa hivi: ukiwa unakwenda bisho, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, upepo ukasogea kuja omo, mbele ya chombo, na kukulazimisha kuelekeza chombo mbali na boya, geuza hapo hapo, kwa sababu upande wa pili upepo huohuo utakusogeza karibu na boya. Ukisogea kwenda tezi, yaani nyuma, usiguse kitu, panda nao. Kwa hiyo wa demani ana hoja. Na mkikutana na chombo cha upande wa pili, anayepokea upepo kuliani ndiye mwenye njia, wa kushoto anampisha.

Nahodha wa zamani:
Marahaba mwanangu. Aliyosema binti ni kweli, kwa Laser. Ile inageuka kwa omo, sekunde chache imeshashika upepo tena. Ngalawa yako ina foromali. Kuigeuza ni kuzungukia tezi: demani inaachiwa, chombo kinakwenda na upepo, mdogo wako anaisimamisha foromali na kuipitisha mbele ya mlingoti, kamba ya mlingoti inahamishiwa joshi, upande upepo unakotoka, ndipo mnaanza kupanda upya. Muda wote huo mnapoteza njia mliyoipata kwa jasho. Na upepo ukirudi ulikokuwa kabla hamjamaliza, hasara ni mara mbili.

Kwa hiyo kabla hujamwambia ashike foromali, ujue kama upepo umekuja kukaa au unapita. Pumzi inayokuja na kuondoka, ijibu kwa usukani na demani, na mtu atoke kwenye tengo la joshi, ule mti wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke. Inatosha. Geuza pale mwelekeo mpya unapokaa na ukauona kwa wenzako walio mbele pia.

Macho yako yawe nje zaidi kuliko kwenye tanga lako. Mashua zinazopita nje ya Ulenge zimejaza tanga upande gani? Maji yamepiga weusi kwa upepo wapi? Jua likipanda, nchi kavu inapata joto upesi kuliko bahari, hewa yake inapaa, na ya baharini inakuja kushika nafasi. Upepo huo unaanzia nje na kuingia ndani kidogo kidogo, hivyo aliye nje zaidi anaupata kwanza. Utawaona wengi wanabaki chini ya Ras Kazone wakigombea mabaki ya umande. Waachieni. Nyinyi tumieni kila pumzi ya mwisho ya umande ili mtoke kwenda nje.

Mwezi wa 11 ni vuli, basi angalieni na wingu la mvua. Linatanguliza upepo mkali unaotoka kwenye wingu lenyewe, na mvua ikipita mara nyingi nyuma yake ni shwari. Hapo ndipo naomba sana muwe tayari kushusha tanga mapema. Ngalawa ikizama tengo kwa dharuba inapinduka, na zawadi hakuna inayofikia roho ya mdogo wako.

Toten ina miti. Msiisogelee upande upepo unakoelekea, kivuli chake cha kuzuia upepo ni kirefu kuliko kinavyoonekana.

Ngalawa ya Sahare:
Ahsante sana mzee, ahsante dada. Siku yenyewe ni mwezi mpevu. Maji nayo?

Nahodha wa zamani:
Ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu siku hizo maji yanamaliza kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha yanajaa, zaidi ya mita 3, yakiingia ghubani. Mkiwahi kutoka, hayatawasumbua. Mkikutwa na shwari njiani, yatawarudisha mlikotoka. Kaeni juu ya maji machache, mkondo wake ni dhaifu na ngalawa haihitaji kina, lakini wa mbele aangalie miamba. Mkiona bado mnarudi nyuma, tieni nanga. Mwenzako anayerudishwa na maji unampita ukiwa umesimama.

Binti wa Ras Kazone:
Naongezea hapo: kanuni za kimataifa zinaruhusu kutia nanga katikati ya mashindano, ila muing'oe kabla ya kuendelea. Waulizeni waandaaji mapema kama na wao wanazifuata, na kamba ya nanga iwe imekunjwa tayari karibu na wa mbele.

Ngalawa ya Sahare:
Kesho alfajiri tunatoka kujaribu. Foromali imebaki kwa mdogo wangu, na amefurahi.