Tupeane uzoefu: Siku Linux ilipokutoa jasho, na nani alikushika mkono

Mwanamikindani
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Jana usiku nilikuwa nasasisha Ubuntu (mfumo endeshi wa familia ya Linux) kwenye kompyuta mpakato ambayo betri yake haitunzi tena chaji, na programu zilikuwa katikati ya kusanikishwa ndipo umeme ulipokatika mtaa mzima. Uliporudi, mashine iliwaka vizuri, lakini kila nikitaka kuweka programu najibiwa kwamba dpkg, chombo cha kusanikisha programu, ilikatizwa na kwamba inanipasa kuandika mwenyewe `sudo dpkg --configure -a`. Sijaigusa bado, kwa sababu nimekumbuka kosa nililolifanya zamani: nilikuta ujumbe kwamba faili la `/var/lib/dpkg/lock-frontend` limeshikiliwa, nikalifuta bila kujua kwamba mfumo wenyewe ulikuwa unajisasisha chinichini, na hifadhidata ya programu ikavurugika. Wakati huo sikuwa na mtu wa kumuuliza. Naomba kila aliyewahi kukwama aeleze alivyokwama na alivyotoka, ili anayeanza leo awe na pa kushika.

FundiChikongola
Kaka, tekeleza amri hiyo hiyo uliyoandikiwa, kisha ifuatishe na `sudo apt --fix-broken install`. Ile ya kwanza inamalizia usanikishaji pale ulipoishia, na ya pili inatafuta kilichopungua. Lakini fanya umeme ukiwa umetulia, au azima betri. Kuhusu lile faili la kufuli, kufuli lipo kwa sababu kuna mtu ndani, subiri atoke.

MwalimuMasasi
Mada hii imenirudisha kwenye chumba cha kompyuta cha shule niliyokuwa nafundisha. Tulipokea kompyuta kuukuu nane, nikazipiga Ubuntu zote kwa siku mbili, na zote zikakataa kuona Wi-Fi kwa kuwa kadi zake zilikuwa za Broadcom, ambazo draiva yake (programu ya kuiendesha kadi) haimo kwenye usanikishaji wa kawaida. Ili nipate draiva nilihitaji intaneti, na ili nipate intaneti nilihitaji draiva. Nilikaa na tatizo hilo wiki nzima, nikifikiria kuzisafirisha mashine hadi Mtwara mjini, mpaka kijana mmoja wa kidato cha tatu alipochomeka simu yangu kwa waya wa USB, akafungua mipangilio ya simu na kuruhusu intaneti ipite kwenye waya. Ubuntu iliichukulia simu kama kadi ya mtandao ya waya, bila draiva yoyote ya ziada. Tukaandika `sudo apt install bcmwl-kernel-source`, tukaanzisha mashine upya, na orodha ya mitandao ikatokea pale juu kulia. Mashine saba zilizobaki tulizimaliza kabla ya kengele ya mchana, kwa bando la simu moja.

BintiKilwa
Waya wa simu umeniokoa na mimi pia, Mwalimu, zaidi ya mara moja.

BintiKilwa
Niongeze jambo. Mtakumbuka Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoharibu barabara huku kwetu, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikawa ya kuvizia nchi nzima. Nilikuwa na mashine mbili za Ubuntu za toleo moja, moja imeshasasishwa na nyingine bado. Niligundua kwamba vifurushi vya programu nilivyovipakua kwa `apt-get` vilikuwa bado vimekaa kwenye `/var/cache/apt/archives`. Nikavinakili kwa flashi hadi kwenye folda hiyo hiyo ya mashine ya pili, na apt ikavitumia bila kuvipakua upya. Kwa sababu hiyo, msiwe wepesi wa kuandika `sudo apt clean`, inayovifuta, ikiwa mna mashine zaidi ya moja.

MtuwaNachingwea
Mimi nashauri kinyume. Diski yangu ya GB 32 ilijaa mpaka mfumo ukashindwa kufungua ukurasa wa kuingilia, na folda hiyo ilikuwa miongoni mwa walioijaza. Angalieni nafasi iliyobaki kwa `df -h` kwanza kabla ya kuhifadhi chochote.

LindiPwani
Langu ni la saa. Nina Windows na Ubuntu kwenye mashine moja, na kila nikitoka Ubuntu kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa tatu kamili: simu inasema saa nne asubuhi, kompyuta inasema saa moja. Nilibadilisha betri ndogo ya ubao mama bure. Baadaye dada mmoja alinieleza kwamba Linux huandika saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya ndani ya mashine, wakati Windows huisoma saa hiyo hiyo kana kwamba ni ya hapa kwetu, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Niliandika `timedatectl set-local-rtc 1`, Linux nayo ikaanza kuandika saa ya hapa, na tatizo likaisha.

FundiChikongola
Hapo umetibu upande usio mgonjwa. Timedatectl yenyewe hutoa onyo ukiiweka hivyo. Iache Linux kwenye UTC, na uiambie Windows isome UTC kwa kuweka `RealTimeIsUniversal` kwenye rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio yake.

LindiPwani
Mkuu, sisi tuliokwama tunaihitaji saa iwe sahihi leo. Rejista ya Windows si mahali pa kumpeleka mgeni. Hapa Tanzania hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo onyo hilo halitugusi sana.

KijanawaNewala
Samahani kwa kuingilia. Nina folda ya tovuti ambayo seva inakataa kuandika ndani yake. Nimeelekezwa mahali niandike `sudo chmod -R 777` na njia ya folda. Je, ni salama?

MtuwaNachingwea
Andika tu, itafanya kazi.

FundiChikongola
Usiandike! Hiyo 777 inampa kila mtu ruhusa zote. Nimeletewa mashine ambayo mwenyewe aliacha nafasi moja baada ya mkwaju, amri ikaanzia kwenye mzizi wa mfumo badala ya folda. Kuanzia hapo sudo ilikataa kufanya kazi, kwa kuwa 777 iliifuta ile alama inayoiruhusu kuendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, na huwezi kuirudisha bila sudo. Tuliwasha kwa flashi, tukanakili nyaraka zake, tukaupiga mfumo upya. Kijana, kwanza jua seva inaendeshwa na mtumiaji gani. Kwenye Ubuntu huwa ni `www-data`. Mpe huyo umiliki wa folda hiyo peke yake kwa `chown`.

MtuwaNachingwea
Fundi, mtu aliyekosea nafasi angekosea hata kwenye chown. Tatizo ni kuandika haraka, si namba.

FundiChikongola
Namba pia ni tatizo. Nyumba haiachwi wazi kwa sababu mwenye nyumba anaandika polepole.

KaraniTandahimba
Nimesoma yote haya nikiwa kimya, lakini naona nisipoeleza langu nitakuwa nimewanyima kitu.

Ninatunza kumbukumbu za chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kila gunia linalopokelewa, uzito wake, daraja lake na jina la mkulima huingia kwenye jedwali, na majedwali ya misimu mitatu yalikuwa kwenye diski ya nje ya TB 1. Nakala nyingine zilikuwa za karatasi, na baadhi zilikuwa zimeshaliwa na mchwa. Ilikuwa mwezi wa Novemba, minada inaendelea, wakulima wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri kuhakiki kilo zao kabla ya malipo.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa imechoka, nikaamua kutengeneza flashi ya kupigia Ubuntu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi nyumbani na siku zote Linux iliipa flashi jina la `/dev/sdb`. Nikaandika dd, amri inayonakili data moja kwa moja juu ya kifaa, nikataja faili la ISO lenye Ubuntu, nikamalizia na `of=/dev/sdb`, nikabonyeza Enter. Mnajua kwamba dd haisemi neno mpaka imalize, usipoiwekea `status=progress`. Nikawa natazama taa ya flashi, na taa ilikuwa haichezi. Nikasikia diski ya nje inavuma mezani. Ile diski nilikuwa nimeichomeka asubuhi, kabla ya flashi, kwa hiyo yenyewe ndiyo iliyopewa sdb, na flashi ikawa sdc.

Nilibonyeza Ctrl+C. Ikanionyesha kwamba imeshaandika GB 1.4. Mikono ilikufa ganzi. Nje kuna mama mmoja mtu mzima alikuwa ameniuliza mara mbili kama jina lake limeonekana, na nilishindwa kumjibu.

Nilimpigia simu mpwa wangu aliyeko Lindi. Jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Mjomba, chomoa diski, usiandike chochote juu yake, na Windows ikikuomba kuiformati, kataa." Jambo la pili aliniuliza ilikuwa na mfumo gani wa faili. Nikasema NTFS, iliyoformatiwa na Windows. Akashusha pumzi. Alinieleza kwamba NTFS huacha nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni kabisa mwa patisheni (sehemu ya diski iliyogawiwa), na kwamba jedwali kuu la faili kwa kawaida huanzia karibu GB 3 kutoka mwanzo, wakati mimi nilikuwa nimefika 1.4.

Alikuja jioni na diski nyingine kubwa zaidi. Kwanza alinakili diski nzima kwa `ddrescue`, kazi iliyokwenda mpaka kesho yake mchana, kisha akafungua `testdisk`, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, juu ya nakala hiyo, akachagua utafutaji wa kina. Patisheni ya zamani ikajitokeza. Alipobonyeza herufi P kuorodhesha faili, niliona folda za misimu yote mitatu kwa majina yake. Majedwali mawili yalikuwa yamefunikwa na hayakufunguka kamwe. Hayo tuliyaandika upya kutoka kwenye stakabadhi za wakulima wenyewe, kwa siku nne.

MwalimuMasasi
Karani, pole sana. Nimesimamisha chakula nikisoma.

BintiKilwa
Yule mama alilipwa?

KaraniTandahimba
Alilipwa, dada. Jina lake lilikuwa kwenye jedwali lililopona.

LindiPwani
Ndiyo maana mimi sigusi dd. Ubuntu ina programu ya madirisha ya kutengeneza flashi, ambayo inaonyesha jina la kifaa na ukubwa wake.

FundiChikongola
Dd haina kosa. Kabla ya kuandika, toa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`, soma ukubwa kwa sauti, kisha chomoa kila diski usiyoihitaji.

KaraniTandahimba
Ninakubaliana na nyote wawili. Siku hizi natumia njia iliyo kwenye `/dev/disk/by-id`, kwa sababu pale jina la mtengenezaji na namba ya kifaa vimo ndani ya jina lenyewe. Na diski ya kumbukumbu haikai mezani siku ya kupiga mfumo.

KijanawaNewala
Chown imekubali, Fundi. Seva sasa inaandika. Asante.

Mwanamikindani
Nimetekeleza amri nikiwa na betri ya kuazima kwa jirani. Ile `dpkg --configure -a` ilichukua kama dakika sita, na `apt --fix-broken` ikaongeza vifurushi viwili. Nilipowasha upya, Wi-Fi haikuwepo, nami nina kadi kama zile za Mwalimu. Nikaanzisha upya huku nikibonyeza Esc mpaka orodha ya kuwashia mfumo (GRUB) itokee, nikaingia kwenye chaguo za ziada na kuchagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani, na Wi-Fi ikarudi. Inaonekana draiva haikujengwa kwa kerneli mpya umeme ulipokatika. Mwalimu, kesho nitachomeka simu kwa waya na kusanikisha upya `bcmwl-kernel-source`. Nikikwama nitakuuliza hapa hapa.

MwalimuMasasi
Weka na `linux-headers-generic`, faili za kujengea draiva, kabla ya hapo, la sivyo haitajengwa. Nipo mpaka saa nne usiku.