Wenye alstromeria bustanini, tupeane uzoefu

Mama Limuru (mwanzilishi)
Hamjambo wapendwa. Huu ni mwaka wangu wa sita na alstromeria, yale maua wengine huyaita yungiyungi la Peru ingawa kwao hasa ni Chile na Brazili. Nilianza na kipande cha mzizi alichonipa shangazi. Miaka miwili nilikuwa nakata kwa mkasi, nikawa napata majani mengi na maua haba. Siku moja jirani aliyewahi kuvuna maua shambani akanikuta nakata. Akaniambia, "Hilo halikatwi, linavutwa." Ukamate shina chini kabisa, ulipinde kidogo, ulichomoe lote kwa mara moja. Pale lilipotoka ndipo jicho jipya linapoamka. Msimu uliofuata nilivuna hadi nikagawia kanisa. Nanyi mmejifunza nini?

Mkulima wa Njabini
Asante mama. Niongeze hapo: mche wa mwaka wa kwanza usiuvute! Mimi nilivuta mapema, shina likaja na mizizi yake yote, vile viazi vyeupe vikaning'inia hewani. Nilipoteza miche kumi na mmoja hivyo. Mwaka wa kwanza kata, ukishashika ardhi ndipo uvute.

Kwetu Kinangop adui ni sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi. Usiku mmoja wa Julai machipukizi yote yalilala meusi, mke wangu akataka tulime viazi mbatata pale pale. Nikamwomba asubiri. Kumbe mizizi ilikuwa hai, baada ya wiki kadhaa yakachipua upya. Siku hizi natandaza nyasi kavu kabla ya baridi.

Anayeuza avune tumba za kwanza zikishapata rangi na kuanza kufunguka. Yakifika nyumbani hukaa wiki mbili kwenye maji, ila majani hugeuka manjano kabla ya ua kuchoka, kwa hiyo yaondoe mapema. Na vaeni glavu. Utomvu wake ulinibabua vidole nikahangaika mwezi mzima.

Dada wa Mbezi
Mimi nipo Dar na nina uchungu. Niliyabeba kutoka Lushoto kwa basi, nimeyapakata njia nzima. Yalitoa majani mazuri, ila sikupata ua hata moja. Ilipofika Februari yote yakakauka. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Nilikosea wapi?

Bibi wa Lushoto
Pole mwanangu. Hukukosea mikono, ni joto. Ua hili linasikiliza udongo kuliko hewa. Udongo ukikaa juu ya nyuzi 20 na kidogo, mmea unaacha kutengeneza mashina ya maua, unatoa majani tu. Huku mlimani udongo unapoa usiku, huko kwenu haupoi. Na maji ya kila asubuhi na jioni kwenye udongo wa moto yanaozesha vile viazi.

Nami nina langu. Nilipoanza niliona majani yamejipinda penye kikonyo, upande wa chini umegeukia juu. Nikajua ni ugonjwa, nikapuliza dawa mara tatu. Kumbe ndivyo yalivyoumbwa, kila jani hujigeuza. Dawa ile iliwaua nyuki wangu bure, na hadi leo naumia nikikumbuka.

Mpwani wa Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Huku tunafukia mizizi sentimita 15 hadi 20 ili baridi isiifikie, na juu matandazo mazito kwa miaka miwili ya mwanzo. Taabu yangu ni konokono wasio na nyumba. Machipukizi ya Aprili wanayamaliza usiku mmoja. Natoka na tochi saa nne za usiku nikiwaokota kwa mkono, na hakuna njia nyingine iliyonisaidia kama hiyo.

Dada wa Mbezi
Bibi, shikamoo, na asante. Basi nikitaka kujaribu tena, nipande kwenye chungu kivulini?

Bibi wa Lushoto
Marahaba. Chungu hupata moto haraka kuliko ardhi, mama, usijitese. Huko panda asumini, inakupenda. Haya ya kwangu natarajia kuyagawa mvua zikianza, maana kila mwaka wa tatu yanabanana. Nitakuwekea fungu kwa yule dada yako aliyeko Soni, awe anakutumia maua.