Naomba ushauri: viazi mviringo kwenye viroba, Newala

Habari zenu wakuu. Niko Newala, Mtwara. Nataka kupanda viazi mviringo uani kwenye viroba, maana eneo langu ni dogo na viazi tunavyokula huku vinatoka mbali, Njombe na Mbeya, vikifika bei imeshapanda.

Ninachohofia ni joto. Kiazi hutunga vizuri usiku ukiwa na ubaridi, chini ya nyuzi 20 hivi. Joto likizidi unapata majani mengi na chini hakuna kitu. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, Juni hadi Agosti usiku kunapoa kuliko Mtwara mjini au Lindi. Je, nikipanda mwishoni mwa Mei vitatunga? Natamani hasa kumsikia aliyewahi kuvuna huku huku kusini, na alitumia mbegu gani.

Miezi hiyo ni kiangazi, na maji kwetu ni shida ya siku zote, wakati kiroba nacho hukauka upesi. Nafikiria kuvipanga chini ya mwembe na kutandaza nyasi juu. Kivuli hicho hakitapunguza mavuno?

Jingine, viroba nilivyonavyo ni vya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Vikifuliwa vinafaa kuoteshea chakula, au nitafute vya unga? Hili linanipa wasiwasi kweli, watoto ndio walaji wakubwa.

Kupandishia udongo ili viazi visipigwe jua vikawa vya kijani, hilo naelewa. Samadi ya mbuzi je, nichanganye kiasi gani kwa kiroba kimoja?