void *, phys_addr_t na dma_addr_t: kadi ipewe anwani ipi?

Swali
Wakuu, naandika draiva ya kadi ya PCIe kwenye Linux, x86-64. Bafa nimeipata kwa kmalloc(), nikaipitisha kwenye virt_to_phys(), jibu nikaliandika kwenye rejista ya kadi. Kompyuta ya mezani haina shida. Kwenye seva data haifiki na dmesg (ujumbe wa kerneli) inajaa mistari ya "DMAR" yenye "fault addr". Kwani anwani halisi si moja? Tena nikichapa kwa %p napata namba isiyofanana na chochote.

Jibu 1
Mkuu, anwani ziko tatu na kila moja ina wa kuisoma. void * ni anwani pepe, ya prosesa. phys_addr_t ni mahali penyewe kwenye RAM. dma_addr_t ni ile inayotumiwa na kadi ikiwa upande wake wa basi, inapofanya DMA, yaani kusoma au kuandika RAM yenyewe bila kupitia prosesa. IOMMU (kifaa kinachotafsiri na kuchuja anwani zinazotoka kwenye kadi) isipowashwa kwenye x86, hizi mbili za mwisho kwa kawaida hulingana, ndiyo maana kosa lilijificha mezani. Kwenye seva IOMMU haijaambiwa lolote kuhusu anwani hiyo, kwa hiyo inaizuia; mistari ya DMAR ndiyo malalamiko yake.

Anza na dma_set_mask_and_coherent(), ukitaja biti ambazo kadi inazimudu kweli. Halafu:

dma = dma_map_single(&pdev->dev, buf, urefu, DMA_FROM_DEVICE);

Kagua kwa dma_mapping_error(), usilinganishe na sifuri: sifuri inaweza kuwa anwani halali. Data isomwe baada ya dma_unmap_single(). Ukiona virt_to_phys() ndani ya draiva ya PCI, ishuku kwanza.

Jibu 2
Naongezea. virt_to_phys() ni hesabu ya kutoa tu, inafaa kwa kumbukumbu ya kmalloc(). Ukiipa anwani ya vmalloc() hailalamiki, inarudisha namba ya ovyo, kwa sababu kurasa zile za baiti 4096 zimetawanyika; kila moja hutafutwa kwa vmalloc_to_page(). Bafa iliyo kwenye staki nayo usiipeleke DMA: x86-64 ina CONFIG_VMAP_STACK tangu toleo 4.9, na ikiwashwa staki nayo hukaa kwenye eneo la vmalloc. Usikariri kwamba 0xffff8880… ni ya kmalloc na 0xffffc900… ni ya vmalloc, KASLR (kupanga anwani za kerneli kwa bahati nasibu) huzihamisha, uliza is_vmalloc_addr(). Unapojaribu, washa CONFIG_DEBUG_VIRTUAL na CONFIG_DMA_API_DEBUG, kerneli ikusaidie kunasa makosa kama haya.

Jibu 3
Kuhusu %p: tangu 4.15 kerneli huivuruga makusudi ili anwani zisivuje. Tumia %pa kwa phys_addr_t na %pad kwa dma_addr_t, zote zikipewa kielekezi:

pr_info("%pad\n", &dma);

Ukisahau hiyo &, namba yenyewe itachukuliwa kuwa kielekezi.