Maua ya prerii yanayostahimili ukame: nianzie wapi kwenye ukoka?

Mkaazi_Wichita
Wakuu, nina kipande cha mita 5 kwa 4 mbele ya nyumba hapa Wichita, Kansas. Jua la kutwa, udongo wa mfinyanzi, na kote kumetambaa ukoka ule ule wa nyumbani. Nataka maua ya asili ya prerii (mbuga za nyasi za huku Amerika Kaskazini), bili ya maji ya Julai ipungue. Nilime tu nimwage mbegu? Kiasi gani?

JembeKavu
Usilime kabisa. Ukoka (Cynodon dactylon) ukiukatakata, kila kipingili kinachipua. Kosa jingine ni kuupiga dawa ukiwa umekauka, wakati majani hayanywi kitu. Umwagilie kwanza mpaka uwe kijani na ufike sm 10, ndipo upulize glaifoseti (dawa ya kuua magugu) siku isiyo na upepo. Ngoja wiki 3 hadi 4, mwagilia tena, unaochipua upulize tena. Mara ya tatu Septemba, kabla haujalala kwa baridi.

Kama hutaki dawa, tumia nailoni angavu, si nyeusi. Kata nyasi chini kabisa, lowesha udongo, tandika nailoni ibane, zika kingo zake, iache wiki 6 hadi 8 kuanzia Julai. Mizizi iliyozama hupona, kwa hiyo jiandae kurudia mwakani. Kwa vyovyote vile chimba mtaro wa sm 15 pembezoni, maana ukoka wa jirani hauna adabu.

mama_mbegu
Kwenye mbegu, hesabu idadi, si uzito. Gramu 1 ya Rudbeckia hirta (ua la manjano la prerii) ina mbegu zaidi ya 3,000. Gramu 1 ya Echinacea pallida haifikishi 200. Ukichanganya sawa kwa mizani utavuna Rudbeckia tupu. Mbegu 500 kwa mita ya mraba zinatosha, yaani kama 10,000 kwa eneo lako, na Rudbeckia isizidi nusu gramu. Maua mengine ya kuchanganya: Echinacea, Ratibida columnifera, Dalea purpurea, Liatris punctata. Karibu nusu ya mbegu zote ziwe nyasi zinazoota kwa mafungu, Schizachyrium scoparium na Bouteloua curtipendula. Bila hizo maua marefu huanguka na magugu hupata mwanya.

Mwaga mwishoni mwa Novemba au Desemba. Reki nyasi zilizokufa mpaka udongo uonekane, changanya mbegu na ndoo ya mchanga wenye unyevu, gawa mafungu mawili: la kwanza ukienda kwa urefu, la pili ukikatiza. Usifukie, weka ubao juu ukanyage. Baridi ndiyo inayoziamsha. Ukikosa msimu huo, zitie kwenye mchanga uliokamuliwa usidondoshe hata tone, ndani ya mfuko, kwenye friji (si friza) siku 30 hadi 60, upande masika ya huko. Mchanga ukiwa chapachapa zitaota ukungu.

Mkaazi_Wichita
Shukrani sana. Mbolea na maji je?

JembeKavu
Mbolea hapana, utanenepesha magugu na maua yatarefuka mno yaanguke. Maji: miche ikitokeza mvua ikagoma, usiache udongo wa juu ukauke kwa wiki 6 za mwanzo. Mwaka wa kwanza usisubiri maua, mche unajenga mzizi. Magugu yakifika sm 30 yafyeke yabaki sm 15. Mashine ya kawaida ya nyasi inakata chini mno, tumia ile ya uzi. Usiyang'oe, utaondoka na miche iliyo pembeni.

Kipepeo77
Ukitaka vipepeo aina ya monaki, ongeza Asclepias tuberosa, ila mfinyanzi unaotuamisha maji huozesha mzizi wake. Inua tuta la sm 20. Mzizi wake ni mmoja mrefu na hautaki kuhamishwa, kwa hiyo chagua mahali pa kudumu tangu mwanzo. Halafu huchelewa kuchipua kuliko wenzake wote, wakati mwingine hadi Mei. Chomeka kijiti ulipoipanda, la sivyo utaichimba ukidhani imekufa.