Naomba ushauri: Je, Baldur's Gate ya mwaka 1998 bado inafaa kuchezwa leo?

Ndugu zangu, salamu. Baada ya kumaliza Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa kuigiza wahusika uliotoka mwaka 2023, kwenye kompyuta ya kaka yangu, nimeshikwa na hamu ya kucheza ile ya kwanza ya mwaka 1998, na baadaye Planescape: Torment ya 1999, ambayo husifiwa kwa maandishi yake kuliko mapigano. Kompyuta yangu ni dhaifu, hivyo kwa upande huo michezo hii inanifaa.

Kinachonikwaza ni kanuni za hiyo Baldur's Gate ya kwanza. Namba ya kinga ya mhusika inavyozidi kushuka ndivyo anavyokuwa mgumu kupigwa, na mchawi wa kawaida wa ngazi ya kwanza huanza na uchawi mmoja tu, ambao akishautumia hana budi kulala ndipo aupate tena, huku mbwa mwitu mmoja akitosha kumwua. Ugumu wenyewe siuogopi, naogopa kuchoshwa.

Naomba mliokwisha kuicheza mnishauri: je, nichukue toleo lililoboreshwa la mwaka 2012 au lile la asili, na hadithi yake inafidia usumbufu huo, au nianze moja kwa moja na sehemu ya pili ya mwaka 2000?