Chemba ya kupima pakiti zinazovuja: geji inakwama kwenye -0.85

fundi_wa_chemba:
Habari wakuu. Nimebuni chemba ya kupima mvujo wa pakiti za karanga za kukaanga, gramu 200. Ni boksi la chuma cha pua lenye maji, mfuniko wa akriliki sentimita 30 kwa 30, unene milimita 10, gasketi ya silikoni, na pampu ya kuvuta hewa, ile ya mafundi wa friji. Pakiti inazama majini, hewa inavutwa, inayovuja inatoa viputo. Niko Kampala. Pampu ikizunguka hata dakika kumi, geji (kipimo cha presha) haivuki bar -0.85. Halafu kila pakiti inatoa viputo, hata zilizozibwa vizuri. Nibadilishe pampu?

ubora_jinja:
Pampu ni nzima, fundi. Geji yako inahesabu kuanzia hewa ya hapo ulipo, na Kampala, karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, hewa ina presha ya bar 0.88 hivi, si 1.01 kama Mombasa. Maji ya nyuzi 25 huchemka presha ikishuka hadi bar 0.03. Toa, unapata 0.85. Viputo vingi unavyoona ni maji yanayochemka yakiwa baridi!

Simama kwenye -0.35. Kabla ya kupima, vuta maji matupu kwa dakika tano kwenye -0.6 ili hewa iliyoyeyuka itoke. Zamisha pakiti sentimita 3, ipapase mikunjo kwa mkono, kisha vuta polepole na ushikilie sekunde 30. Viputo viwili vitatu vikikoma, hiyo ni hewa ya nje iliyonata. Mnyororo usiokatika kutoka sehemu moja ndio tundu.

mbale_kahawa:
Ongeza matone mawili ya sabuni ya vyombo. Katika maji matupu, tundu la mikroni 10 (sehemu moja ya mia ya milimita) linahitaji tofauti ya presha ya karibu bar 0.29 ndipo kiputo kichomoke. Sabuni inashusha hiyo hadi nusu au chini. Na ibane pakiti kwa wavu juu na chini. Iliyolegea huvimba kwanza, presha ya ndani inashuka, na tundu dogo linanyamaza.

Huo mfuniko unanitia hofu zaidi ya geji. Kwenye -0.85 unalemewa na uzito wa karibu kilo 780. Weka akriliki ya milimita 20, usiweke kioo kamwe. Oili ya pampu ikigeuka rangi ya maziwa, imeingia mvuke: imwage, weka mpya, na funga chupa ya kunasa maji kati ya chemba na pampu.

fundi_wa_chemba:
Asanteni sana. Na mtindi wa pakiti je?

ubora_jinja:
Hapo viputo havitakusaidia, ndani hakuna hewa ya kutosha. Ikaushe pakiti, ilaze juu ya tishu, weka ubao na uzito juu, subiri, angalia unyevu.

Kwa karanga, anza kukagua pale mshono wa mgongo unapokutana na wa mdomo. Plastiki hapo ni tabaka nne badala ya mbili, joto halifiki katikati. Ongeza muda wa kubana kabla ya kuongeza moto. Tundu likiwa katikati ya mdomo, tafuta maganda au mafuta ya karanga yaliyodondokea kwenye mshono.